Majina Yaliyo Chini ya Kichwa cha Makala

Wazee wa Kigogo husimulia kwamba jina la Dodoma limetokana na neno idodomya, yaani imezama. Tembo alishuka kunywa maji, tope likamshika miguu, akazidi kuzama huku watu wakimtazama. Mji ukabaki na jina la tukio hilo. Mimi si Mgogo, nilikuja Dodoma kusoma tu, lakini tangu nilipoisikia simulizi hiyo sijaacha kufikiri kwamba makao makuu ya nchi yetu yanaitwa kwa jina la ardhi iliyoshindwa kubeba mzigo.

Nilisoma historia Chuo Kikuu cha Dodoma, juu ya vilima vya Chimwaga. Kwa watu wa rika la wazazi wangu, Chimwaga ni ukumbi: ndipo Chama Cha Mapinduzi kilipompitisha Benjamin Mkapa kugombea urais mwaka 1995, na Jakaya Kikwete mwaka 2005. Chuo kilipoanzishwa mwaka 2007 ukumbi ukawa sehemu yake, na vilima vikaanza kujaa madarasa na mabweni. Kwa sisi tuliofika miaka kumi baadaye, Chimwaga ni mwendo mrefu juani kutoka koleji moja hadi nyingine. Mwenzangu wa chumbani alikuwa akisoma jiolojia. Yeye ndiye aliyeniambia kwamba yale mawe makubwa ya granaiti tuliyokuwa tukikalia jioni yana umri wa takriban miaka bilioni 2.5, na kwamba katika ardhi hiyo kongwe, si mbali na mji, zipo nyufa ambazo bado ziko hai.

"Nani kasema?" nikamuuliza. Kwa mwanafunzi wa historia hilo ndilo swali la kwanza.

Akanipa majina. Tangu siku hiyo nimejizoesha jambo moja: nikipata makala yoyote ya kisayansi kuhusu matetemeko ya nchi yetu, kabla ya kutazama ramani na namba, nasoma mstari ulio chini ya kichwa, yaliko majina ya waandishi na vyuo vyao. Ukiufuata mstari huo mmoja kwa miaka mia moja, unaona nani aliaminiwa kuisoma ardhi hii, nani alibeba mizigo tu, na zamu ilibadilika lini. Tetemeko halijali nani analipima. Ila mji unaojengwa juu ya ufa una sababu kubwa ya kujali, maana mgeni akimaliza kazi hurudi kwao, na ufa hubaki.

Tuanzie Ufipa. Tarehe 13 Desemba 1910, tetemeko la ukubwa wa takriban 7.4 lilitikisa eneo la Ziwa Rukwa, katika koloni lililoitwa Afrika Mashariki ya Kijerumani. Ni miongoni mwa matetemeko makubwa kabisa kuwahi kupimwa katika Bonde la Ufa. Mitetemo yake ilipenya ndani ya dunia ikafika kwenye vyombo vya Ulaya, na ukubwa wake tunaujua kwa sababu ya vyombo hivyo. Mwaka 1991, Nicholas Ambraseys wa Imperial College, London, alilichunguza upya kwa kukusanya kumbukumbu za zamani. Bila watu wa aina yake, pengine tungekuwa tumelisahau kabisa. Lakini tazama ni nani anayezungumza katika kumbukumbu hizo. Ni mashine za mbali na wageni waliojua kuandika. Wafipa waliotikiswa siku ile hawamo kwa majina. Tetemeko letu kubwa kuliko yote lilitunzwa katika madaftari ya watu wengine.

Mali bila daftari huisha bila habari. Huo ni msemo wa wafanyabiashara, lakini unaingia hapa vizuri. Ufa mmoja unaweza kukaa kimya mamia ya miaka, hata maelfu, kabla ya kukatika tena. Kumbukumbu ya babu na bibi haifiki huko. Jamii isiyo na daftari husema kwa nia njema kabisa, "hapa hakujawahi kutokea tetemeko," kumbe maana yake ni kwamba hakuna aliyeandika.

Wajapani walikuwa na madaftari ya matetemeko tangu zamani, lakini hata wao sayansi hii ya vyombo waliianza na walimu wa kigeni. Februari 1880 tetemeko lilitikisa Yokohama, na Mwingereza John Milne, aliyekuwa akifundisha Tokyo masuala ya madini na jiolojia, akawa mmoja wa walioanzisha Jumuiya ya Seismolojia ya Japan mwaka huo huo. Yeye na wenzake walitengeneza vyombo vya kupimia mitetemo. Kinachonivutia mimi ni kilichofuata. Mwaka 1886, miaka sita tu baadaye, Mjapani Sekiya Seikei akawa profesa wa seismolojia, wa kwanza duniani kushika cheo hicho. Mwaka 1894 Omori Fusakichi akachapisha kanuni ya jinsi mitetemo midogo inavyopungua baada ya tetemeko kubwa, kanuni inayotumika hadi leo kila mahali. Mgeni alikuja, mwenyeji akasoma, na ndani ya miaka 15 mwenyeji akawa anaifundisha dunia. Tangu miaka ya 1960, Japan yenyewe imekuwa na taasisi inayopokea wanafunzi kutoka nchi zinazoendelea kuwafundisha elimu hiyo hiyo ya matetemeko.

Kwetu zamu ilichelewa zaidi, na sababu zake ziko hapa hapa Dodoma. Katikati ya miaka ya 1920 Waingereza walianzisha Idara ya Jiolojia ya Tanganyika na makao yake wakayaweka Dodoma. Mkurugenzi wake wa kwanza alikuwa Edmund Teale. Idara hiyo ndiyo babu wa taasisi tunayoiita leo Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania, GST, ambayo bado iko Dodoma, na ina makumbusho yenye sampuli za mawe kutoka kila pembe ya nchi. Ukiingia humo utaona koloni lilikuwa likitafuta nini: dhahabu, almasi, makaa ya mawe, maji. Ramani zilichorwa kwa uangalifu mkubwa na nyingine bado zinatumika. Lakini ardhi iliulizwa swali moja: una nini cha kutoa? Swali la pili, unaweza kutufanya nini, lilikuwa halina mteja. Nao Waafrika waliobeba vyuma na mahema, waliojua kila kisima na kila njia ya porini, majina yao hayakuwekwa chini ya kichwa cha ramani.

Uhuru haukubadilisha hali hiyo kwa siku moja. Tarehe 7 Mei 1964 tetemeko la ukubwa wa 6.4 lilipiga eneo la Mbulu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuja kuanzisha idara ya jiolojia miaka kumi baadaye, mwaka 1974, na wahitimu wake walisubiriwa kwanza na migodi na visima. Mwaka mmoja kabla ya hapo, 1973, nchi ilikuwa imeamua kwamba makao makuu yahamie Dodoma, na Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu ikaundwa kupanga mji mpya.

Hapa inafaa nieleze kidogo jinsi kazi yenyewe inavyofanyika, kama nilivyoelezwa na mwenzangu kwa kuchora kwenye mchanga. Tetemeko hutoa mawimbi ya aina mbili kuu yanayopita ndani ya ardhi. Ya kwanza, yanayoitwa P, yana mbio. Ya pili, S, huja nyuma yake. Kadiri ulivyo mbali na chanzo, ndivyo nafasi kati ya mawimbi hayo mawili inavyopanuka. Kwa matetemeko ya karibu, hesabu ya haraka ni kuchukua sekunde za tofauti hiyo na kuzizidisha kwa 8: S ikichelewa sekunde 10, tetemeko liko umbali wa kilomita 80 hivi. Lakini kilomita 80 kuelekea wapi? Kituo kimoja hakijui. Unachora duara. Kituo cha pili kinachora duara lake, yanakatana mahali pawili. Kituo cha tatu ndicho kinachokata shauri. Kwa hiyo nchi yenye ukubwa wa Tanzania ikiwa na vituo vichache, matetemeko madogo hupita kama wasafiri wa usiku. Nayo matetemeko madogo ndiyo yanayoonyesha nyufa zipi ziko hai kabla kubwa halijaja.

Mwaka 1994 na 1995 wageni walileta vituo vingi kwa mpigo. Wanasayansi wa Marekani, akiwamo Andrew Nyblade wa Chuo Kikuu cha Penn State, walitandaza vituo 20 nchini kwa mwaka mmoja hivi. Shabaha yao kubwa ilikuwa kuona ndani ya dunia, chini ya ukoko huu wa kale ambao Bonde la Ufa limeuzunguka pande zote mbili. Mwaka 1998 data hizo zilitoa kipimo cha ukubwa wa matetemeko kilichorekebishwa mahususi kwa Tanzania, kazi iliyoongozwa na Charles Langston. Kisha vyombo vikafunguliwa, vikapakiwa, vikaondoka.

Hadithi za namna hii huwa zinaishia hapo, na mwandishi huanza kulalamika. Mimi naomba tusogee mbele kidogo. Katika mwaka ule wa vituo 20, vyombo vilinasa makundi mawili ya matetemeko madogo madogo: moja Manyara, jingine Kwamtoro, kaskazini mwa mkoa huu huu wa Dodoma. Rekodi zilikaa. Mwaka 2009 makala kuhusu makundi hayo ikatoka katika jarida la jiolojia la Afrika Kusini, ikionyesha jinsi kina cha matetemeko kinavyotofautiana kati ya sehemu hizo mbili. Majina chini ya kichwa ni mawili: Mulibo na Nyblade. La kwanza ni la Mtanzania, Gabriel Mulibo, aliyesomea Penn State kisha akafundisha jiolojia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mitetemo ya Kwamtoro ilikuwa imesubiri karibu miaka 15, na aliyeipanga na kuisoma alikuwa mtu wa nchi ile ile iliyotetemeka.

Hakufika hapo peke yake. Tangu miaka ya 1990 kulikuwa na kikundi cha wanaseismolojia wa Mashariki na Kusini mwa Afrika, ambacho watu wake wanakijua kwa kifupi cha ESARSWG, kilichosaidiwa na Sweden na Norway. Kazi yake haina mvuto wa gazetini. Watu kutoka nchi jirani wanakutana na rekodi zao, wanakaa pamoja, wanalinganisha saa na sekunde, na tetemeko ambalo kila nchi ingelinasa nusu nusu linapata kitovu chake. Mipaka iliyochorwa na wakoloni haikuwahi kuujua ufa. Ufa wa Ziwa Tanganyika una wenyeji wa nchi nne. Mwaka 1999 ilitoka tathmini ya kwanza ya pamoja ya hatari ya matetemeko kwa kanda hii, sehemu ya mradi wa dunia nzima. Jina la kwanza ni Midzi, wa Zimbabwe. Wanafuata akina Hlatywayo wa Zimbabwe, Chapola wa Malawi, Kebede wa Ethiopia, Atakan wa Chuo Kikuu cha Bergen, Turyomurugyendo, na Tugume wa Uganda. Mwaka 2004 ukaja mpango wa AfricaArray, uliowaunganisha Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Penn State na Baraza la Jiosayansi la Afrika Kusini, kwa lengo lililosemwa waziwazi: vituo vibaki Afrika, na wanafunzi wa Afrika wasomee shahada za juu kwa kutumia data za vituo hivyo.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii hutumika kumkaribisha mgeni aliyekuja na kitoweo. Nimeitazama upya nikiwa na orodha hizi mkononi. Mwenyeji haponi kwa sababu mgeni amefika. Anapona kwa kile kinachobaki jikoni mgeni akishaondoka.

Tarehe 4 Novemba 2002 Dodoma ilipata tetemeko la ukubwa wa 5.5. Wakati huo Athanas Macheyeki alikuwa kijana wa jiolojia. Baadaye akiwa na Chuo cha Madini cha hapa Dodoma aliifanya ardhi ya mji huu kuwa somo la utafiti wake, akishirikiana na Damien Delvaux wa jumba la makumbusho la Afrika ya Kati huko Tervuren, Marc De Batist wa Chuo Kikuu cha Ghent, na Profesa Abdulkarim Mruma. Mwaka 2008 wakachapisha. Kichwa cha makala yao moja kinajieleza kuwa ni tathmini ya kwanza ya hatari ya matetemeko katika eneo la Dodoma.

Nililisoma neno lile, ya kwanza, nikafanya hesabu ambayo mwanahistoria hawezi kuikwepa. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu hapa ulikuwa wa 1973. Tathmini ya kwanza ya nyufa zake ilitoka 2008. Miaka 35. Bunge lilikuwa limejengwa. Chuo chetu kilikuwa kimeanza kupanda vilima vya Chimwaga. Kwa miaka yote hiyo mji ulipangwa na watu hodari waliofikiria maji, barabara na upepo, na hakuna aliyekuwa na karatasi ya kumwonyesha ufa uko wapi.

Kusoma ufa ni kazi ya miguu. Siku moja nilimsindikiza mwenzangu upande wa Hombolo, kwenye bwawa na mashamba ya zabibu. Macho yangu yaliona genge la kawaida, kama ngazi ndefu iliyofunikwa vichaka. Yeye aliona mahali ambapo upande mmoja wa ardhi ulishuka na mwingine ukabaki. Anatazama kama mstari umenyooka, kama mito imekatwa au imepindishwa, kama uso wa mwamba una mikwaruzo inayoonyesha upande uliteleza kwenda wapi. Anapima urefu wa ufa bila kuuvunja katikati, kwa sababu urefu ndio ufunguo. Mwaka 1994 Donald Wells na Kevin Coppersmith walikusanya matetemeko mengi ya duniani na kuonyesha uhusiano kati ya urefu wa ufa uliokatika na ukubwa wa tetemeko lenyewe: ukikatika kwa kilomita 20 hivi, tegemea ukubwa unaokaribia 6.5. Na kumbuka, tofauti ya namba moja katika kipimo hiki ni nguvu takriban mara 32. Tetemeko la 6.5 lina nguvu mara 32 ya lile la 2002.

Mzee mmoja alikuwa ameketi kivulini akitutazama.

"Shikamoo babu."

"Marahaba wajukuu zangu. Mnatafuta dhahabu?"

"Hapana babu. Tunatafuta mahali ardhi ilipokatika."

"Ilikatika lini?"

"Ndicho tunachotaka kujua."

Mzee alicheka, kisha akatuonyesha kwa fimbo mahali ambapo maji hutoka hata kiangazi kikiwa kikali. Mwenzangu aliandika. Maji mara nyingi hupandia kwenye ufa, na yule mzee alikuwa anaijua ramani ya ufa ule bila kujua kwamba ni ufa. Mtafiti aliyeshuka ndege juzi, anayezungumza kwa mkalimani na ana siku tisa za kazi, maneno yale yangempita.

Majina ya nyufa hizi ni majina ya nyumbani: Hombolo, Bubu, Mponde, Bahi, Fufu. Nayapenda kwa sababu yanakataa kuwa ya kigeni hata yakiwa ndani ya jarida la Ulaya.

Orodha ninayoipenda kuliko zote inatoka nje ya mipaka yetu. Desemba 2009 wilaya ya Karonga, kaskazini mwa Malawi, ilitikiswa na mfululizo wa matetemeko. Kubwa zaidi lilikuja tarehe 19, la ukubwa wa 6 hivi. Watu wa kile kikundi cha kanda walikwenda kuchora ufa uliokuwa hai. Makala ikatoka mwaka 2015. Jina la kwanza ni Macheyeki, yule yule wa Dodoma. Baada yake kuna safu ndefu ya majina ya Malawi, Msumbiji, Ethiopia, Kenya, Eritrea, Uganda, Zambia, Zimbabwe na Tanzania. Niliisoma orodha hiyo polepole kama mtu anayesoma majina ya ndugu kwenye kadi ya harusi. Toka 1910, mashine za Ulaya zilipotuambia kwamba tumetikisika, hadi 2015, majirani walipokwenda wenyewe kumchorea jirani ufa wake: miaka 105.

Kwa nini majina haya yana uzito? Septemba 10, 2016, siku ya Jumamosi alasiri, tetemeko la ukubwa wa 5.9 lilipiga Kagera. Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, niko nyumbani. Zaidi ya watu 15 walifariki, mamia wakajeruhiwa, maelfu ya nyumba zikaharibika. Shule za Ihungo na Nyakato ziliharibiwa vibaya. Kabla ya jua kuzama simu zilikuwa zimejaa ujumbe: kubwa zaidi linakuja saa tisa usiku, ziwa litafurika, ni majaribio ya mabomu. Watu waliolala nje walihitaji mtu wa kuwaambia kwa Kiswahili, na kwa mamlaka ya mtu anayejua, kwamba hakuna anayeweza kutaja saa ya tetemeko lijalo, kwamba mitetemo midogo itaendelea na kupungua, kama Omori alivyoonyesha, na kwamba nyumba yenye ufa wa aina hii usirudi ndani. Desemba 2023 ikawa Hanang: tope na mawe yalishuka Katesh na kuua makumi ya watu, na swali la kwanza mitaani lilikuwa kama mlima umelipuka. Serikali ikatoa jibu la wataalamu kwamba haikuwa volkano, bali sehemu ya mlima iliyolowa maji na kumeguka. Jibu la namna hiyo linatolewa kwa haraka na kuaminika pale tu ambapo mtu wa kulitoa ameshasomeshwa, yuko kazini, na chombo chake kinafanya kazi siku hiyo.

Kuna pia jambo la lugha. Kiswahili chetu cha kila siku hutumia neno moja, hatari, kwa vitu viwili ambavyo mtaalamu lazima avitenganishe. Kuna hatari ya ardhi: ufa uko wapi, unaweza kutikisa kwa nguvu gani. Hiyo hatuwezi kuipunguza hata kidogo. Halafu kuna hatari ya watu: nani amejenga nini juu yake. Ukuta wa matofali usio na mkanda wa zege, ule mafundi wanaouita lenta, ni uamuzi wa mtu. Kazi ya mjiolojia ni kuichora hatari ya kwanza kwa usahihi ili mhandisi, diwani na fundi waipunguze ya pili. Ramani ikibaki katika jarida la Kiingereza linalolipiwa kwa dola, fundi wa Nkuhungu ataendelea kujenga kama alivyofundishwa na kaka yake.

Nisiwapambe. Mwenzangu alihitimu akiwa na alama nzuri, akatamani kuendelea na nyufa. Kazi aliyoipata ni mgodi wa dhahabu kanda ya Ziwa, na sina neno la kumlaumu, ana wadogo zake wanaosoma. Lile swali la miaka ya 1920, ardhi una nini cha kutoa, bado ndilo linalolipa mshahara. Ufa haulipi. Faida yake ni nyumba ambazo hazikuanguka, na hakuna mhasibu anayejua kuziandika nyumba hizo kwenye kitabu. Kusomesha watu ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kuwawekea kiti, betri ya kituo, na mafuta ya gari la kwenda Chenene.

Na huku mji unapanda. Julai 2016 Rais John Magufuli alitangaza kwamba serikali inahamia Dodoma kweli kweli. Aprili 2018 Dodoma ikawa jiji. Mtumba, palipokuwa na vichaka, sasa pana wizara. Kila ghorofa linalopanda linaongeza thamani ya majina machache yaliyo chini ya vichwa vya makala chache.

Ramani za hatari ya matetemeko huchorwa kwa kawaida kwa kuuliza: ni mtikisiko wa nguvu gani ambao una nafasi ya asilimia 10 ya kuzidiwa katika miaka 50? Wahandisi walichagua miaka 50 kwa kuwa ndio umri wa kukadiria wa jengo. Mwanafunzi wa miaka 22 aliyeketi leo Chimwaga atakuwa na miaka 72 muda huo ukiisha. Nafasi moja katika kumi ni ndogo, ila si ya kupuuzwa. Hakuna mzazi angempandisha mtoto basi la namna hiyo. Wakati wowote katika miaka hiyo 50, mtu atahitajika kukaa mbele ya skrini hapa Dodoma, asome P, asome S, ahesabu sekunde, na kuliambia jiji lililotikisika nini kimetokea. Kwa hesabu ya umri, mtu huyo ameshazaliwa. Huenda yuko darasa la nne, Hombolo.